Rimoti ya Rubani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana bila hata kubisha hodi. Nimefunga kibanda mapema, maana nani ataleta redio kutengenezwa katika mafuriko haya.

Nimeamua kutengeneza rimoti. Sababu niiandike sasa hivi, nisije baadaye nikajitungia nyingine nzuri zaidi. Mdogo wangu, ambaye sote tunamwita Rubani tangu alipokuwa akirusha ndege za karatasi darasani, hawezi tena kuitumia rimoti yake. Jana alijaribu mbele yangu. Alikuwa amekaa kitandani, ndege yake iko mezani, ile nyeupe ya povu aliyoichonga mwenyewe, na alitaka tu kuuchezesha usukani wa mkia. Kidole gumba kilisukuma kijiti, kikafika nusu ya njia, kikasimama. Akaiweka rimoti juu ya shuka.

"Betri imekwisha, dada."

Betri ilikuwa imejaa. Mimi ndiye niliyeichaji.

Alikuwa seremala mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona. Mwaka jana akaanza kuangusha patasi. Daktari akasema neva zinazoamrisha misuli yake zinakufa moja baada ya nyingine, na dawa ya kuzirudisha haipo. Alisema hivyo huku akimtazama mama, labda kwa sababu mama ndiye aliyekuwa anatabasamu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mteja kaleta simu inayotiririka maji. "Haikuanguka majini, fundi. Iliiona tu mvua."

Jumapili, 9 Machi

Chipu ninayo, ndogo kama ukucha, imekaa kwenye ubao wake. Tofauti na rimoti ya dukani ni hii: ile mtu alishaipangia kazi kiwandani, na anayeishika lazima awe na mikono kama ya huyo mtu. Hii nitaiandikia programu mwenyewe. Kijiti kikisogea kidogo, ndege idhani kimesogea sana. Ndivyo nilivyomweleza mama wakati tunakula.

"Itamponya?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi mpelekee na soksi. Miguu yake baridi."

Ijumaa, 14 Machi

Nimempelekea rimoti ya kwanza. Haina sura. Ni kisanduku cha plastiki cha kuwekea chakula, ndani nimefunga ubao na betri, juu kuna kijiti laini nilichokitoa kwenye mchezo wa video uliokufa, kioo kidogo cha kusomea namba, na antena imetokeza pembeni kama sharubu moja. Rubani aliikagua kwa macho.

"Hii ndege itaona aibu kuitii," akasema.

Kabla ya kitu chochote, chipu lazima ifundishwe mkono wa mtu unafika wapi. Nikamwambia alaze kijiti kushoto mpaka mwisho wake, kisha kulia mpaka mwisho wake. Mtu mzima mwenye afya akifanya hivyo, kioo husoma sifuri upande mmoja na elfu moja na kitu upande wa pili. Chake kilisoma mia tatu, kikaishia mia saba. Nikaiambia programu kwamba kuanzia sasa dunia inaanzia mia tatu na kuishia mia saba. Akasogeza tena. Mezani mkia wa ndege ukalala wote kushoto, ukalala wote kulia. Alicheza nao hivyo mpaka chai yake ikapoa, na mimi nikatazama pembeni kwa furaha.

Muda wote huo mke wake alikuwa chumba cha pili na cherehani yake, trrr, trrr. Hakuja hata kuchungulia. Nimeondoka bila kumuaga wifi yangu, na sijutii.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Uwanja wa shule, ambako Rubani hurushia ndege, umekuwa bwawa. Mlinzi wa pale anasema amewaona bata ambao hajui wametoka wapi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda kurekebisha kitu kidogo tu. Nikasema tupime upya kwanza. Mia nne, ikaishia mia sita hivi.

Nikafungua kompyuta, nikabadilisha namba. Lakini ukikuza mwendo, unakuza na mtetemo uliomo ndani yake, na mkia ulianza kutetemeka kama kifaranga kilicholowa. Nikaiandikia programu isikimbilie kila inachosoma, ichukue wastani kwanza. Mkia ukatulia. Sasa ukawa mzito: yeye anasogeza kidole, wenyewe unatafakari, ndipo unakwenda.

"Umeniletea karani wa ofisini," Rubani akasema. "Njoo kesho, njoo kesho."

Tulicheka wote wawili. Chumba cha pili cherehani ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo wifi amenisubiri getini na mwavuli. Nilidhani anataka kunisindikiza.

"Wifi, kila ukija unampima," akasema.

"Simpimi yeye. Napima kijiti."

"Mimi si mtoto. Ukiondoka ananiuliza, umeziona namba? Leo zilikuwa ngapi? Nikisema sikuziona ananitajia yeye, na anazikumbuka zote, za leo na za siku ile. Mbele yako anacheka. Juzi alilia mpaka nikambadilishia foronya."

"Unataka niache? Akae tu anatazama dari?"

"Nataka siku moja uje mikono mitupu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama yeye amekata tamaa asitulazimishe na sisi, na kwamba kuna watu wanajificha nyuma ya cherehani na kuna watu wanafanya kitu. Alinitazama, akanipa mwavuli maana mimi sikuwa nao, akafunga geti. Hakulibamiza. Alilifunga taratibu, na hilo ndilo lililoniudhi njia nzima.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sikwenda.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda mikono mitupu. Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda na sikujua mikono niiweke wapi. Kumbe miezi yote hii sijawahi kukaa na mdogo wangu bila bisibisi.

Nimeona mambo ambayo sikuwa nimeyaona. Wifi humgeuza kitandani kwa kumkumbatia, kichwa chake begani kwake, kama watu wanaosalimiana stesheni. Humlisha uji huku akimsimulia umbea wa mtaa, na hungoja ameze ndipo afike penye kuchekesha, asije akapaliwa. Alikuwa na kazi kwenye karakana ya kushona sare. Aliiacha tangu mwaka mpya, akaomba vitambaa vya kushonea nyumbani. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Wifi alipokwenda jikoni nikamwuliza Rubani kama kelele za cherehani hazimsumbui.

"Ikinyamaza ndiyo nasumbuka," akasema. Maneno yake siku hizi yanatoka yamelowa, lazima uinamie. "Nikiisikia, najua yupo palepale."

Nilimkuta wifi anaosha bakuli. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kusema mwavuli wake nimeusahau kibandani. Akasema hauendi popote.

Ijumaa, 18 Aprili

Kidole gumba kimekataa kabisa. Rubani mwenyewe ndiye aliyemtuma mke wake kwangu: "Mwambie dada alete vyombo. Kidevu bado kinatii."

Jumatano, 23 Aprili

Rimoti imehama. Kijiti sasa kinakaa chini ya kidevu, kwenye mkono wa waya mnene uliofungwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Kupanda, kushuka, kushoto, kulia, vyote ni kidevu. Mota nimeiwekea kitufe pembeni mwa shavu: akikigusa inaongeza, akigusa mara mbili inapunguza. Wifi ameshona mto mdogo wa kufunika kile kijiti ili kisimchubue, na mkanda wa kushikilia kichwa kisianguke mbele. Alishona, akavua, akashona upya mara sijui ngapi. Mimi nina subira na waya, lakini na kitambaa ningekuwa nimeshatupa mkasi.

"Anyolewe," nikasema. "Ndevu zinatelezesha kijiti."

"Rubani gani ana ndevu," wifi akasema, na akaenda kuleta wembe.

Tulipima. Sikusoma namba kwa sauti, niliziandika tu kwenye programu na kufunga kompyuta. Rubani akatoa mguno, ambao nilielewa ni asante.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua, na upepo. Mama amekuja kumwona, akagusa kifua chake, akasema ole wake mtu atakayemtoa huyu nje kabla mvua haijaisha. Alisema akinitazama mimi.

Ijumaa, 2 Mei

Swali ambalo nimekuwa nikilikwepa ameliuliza yeye.

"Mawasiliano yakikatika. Ndege ifanye nini?"

Kila rimoti lazima iwe na jibu la swali hilo, na mtengenezaji ndiye anayeliandika. Ndege ikikosa amri inaweza kuendelea na ile ya mwisho, ikaenda moja kwa moja mpaka ipotee. Inaweza pia kuzima mota na kuanguka. Nikampa chaguo la kuendelea, nikamwambia pengine mawimbi yatarudi, pengine tutaipata tena mbele ya safari.

"Hapana. Izime. Ilaze mkia kidogo tu. Izunguke, ishuke palepale."

"Tukiwahi kuirudisha je?"

"Dada." Alipumzika. "Isiende mbali. Watu watahangaika kuitafuta."

Niliandika hivyo. Ni mistari michache tu ya programu. Wifi alikuwa mlangoni na nguo mkononi, na nilipoinua macho alikuwa ameshaondoka. Wiki hii hii hospitali wamemwuliza Rubani kuhusu mashine ya kupumulia, amekataa. Mama hajui bado.

Jumapili, 4 Mei

Anataka rimoti ya pili. Ya mikono miwili, ya kawaida, iunganishwe na yake kwa waya, na swichi ya kubadilishana ikae upande wake. Nilifurahi, nilidhani ni yangu. Nimemtengenezea yote haya, nikadhani anataka turushe pamoja.

"Ni ya mke wangu. Nataka kumfundisha."

Nilisema sawa. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua yote mwilini, na sikufungua mwavuli wa wifi niliokuwa nao kwapani.

Jumanne, 6 Mei

Wifi hataki. Nimewasikia nikiwa kwenye varanda nasolda waya.

"Sitaki kufundishwa," alikuwa anasema. "Mimi sitaki kubaki na ndege. Nataka kubaki na wewe."

Sikusikia jibu. Sauti ya Rubani haifiki tena kwenye varanda. Baadaye wifi alitoka, macho mekundu, akakaa kwenye ngazi karibu yangu, akaniuliza kile kijiti cha kushoto kinafanya nini. Nikamwonyesha. Akauliza cha kulia. Mikono yake mizuri sana kwa kazi hii, haina haraka. Uchungu wangu wa juzi sijui umekwenda wapi, nimeutafuta sikuuona.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi jua limetoka kama limetumwa. Mama alikuwa amekwenda kumwona dada yake mgonjwa. Nilikimbia kwa Rubani, nikamkuta wifi ameshamvisha sweta mbili na kofia, kiti kiko mlangoni. Tulitazamana. Hakuna aliyemtaja mama.

Uwanja wa shule ulikuwa umekauka katikati tu. Mlinzi alitufungulia na kusaidia kukisukuma kiti kwenye matope. Nilijaribu mkia, mabawa, mota, nikajaribu kukata mawasiliano kwa makusudi ndege ikiwa bado chini, mota ikazima kama ilivyoagizwa. Kisha nikakimbia nayo dhidi ya upepo na kuiachia.

Ilishuka, karibu iguse majani, nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa inapanda. Mdogo wangu alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ule mto na macho yake yalikuwa juu. Akageuka kushoto, ndege ikageuka kushoto. Kuna ule uzito wa programu, nilikuwa nimeuhesabu kama kasoro, lakini yeye alikuwa anaagiza mapema, kabla ya kona kufika. Akaizungusha juu ya paa la madarasa, akairudisha juu ya vichwa vyetu, chini kabisa, mlinzi akainama na kushika kofia yake. Rubani akaguna. Ndicho kicheko kilichobaki.

Wifi alisimama karibu naye na rimoti ya pili kifuani. Mara akapiga kelele, "Ee! Umenipa?" Taa ya rimoti yake ilikuwa imewaka. Rubani alikuwa amegusa swichi kwa shavu.

"Usivute sana," nikamwambia. "Kidogo, kidogo."

Ndege iliyumba kama mlevi, ikalala ubavu, ikanyooka tena. Wifi aliiendesha mduara, halafu mwingine. "Haya, chukua," akamwambia mume wake. "Ichukue sasa. Nitaivunja mimi!" Yeye alikuwa amekitoa kidevu kwenye kijiti. Alikuwa anatazama juu tu, mdomo wazi kidogo, uso umetulia kuliko nilivyouona mwaka mzima. "Wewe, ichukue!" Hakuichukua. Niliangalia kama amezidiwa. Hakuwa amezidiwa.

Basi wifi akaishusha, huku analia na kunitukana mimi ambaye sikuwa nimefanya kitu. Ilitua kwenye majani, ikabingirika, bawa moja likapinda. Tulipiga makofi sote, mlinzi kuliko wote.

Wingu lilitukuta hapo hapo. Nikasema twende. Wifi akasema twende. Yeye akatikisa kichwa: tena. Tuliomba, akatikisa kichwa. Tulimpa dakika chache akiitazama ile ndege mapajani pake, na mvua ikatupata katikati ya uwanja, matope yameshika magurudumu. Nilivua koti langu nikamfunika. Wifi alivua lake. Hata hivyo Rubani alifika nyumbani amelowa.

Jumatatu, 12 Mei

Ana homa. Anakohoa, lakini kikohozi hakina nguvu ya kutoa kitu.

Jumatano, 14 Mei

Hospitali. Mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Amefariki leo asubuhi. Wifi alikuwa amemkumbatia kama anamgeuza. Mimi nilishika mguu, maana ndiko nilikopata nafasi. Ulikuwa na soksi.

Jumanne, 20 Mei

Tumemzika jana. Watu wamejaa nyumbani, viti vya majirani uani, mvua juu ya turubai. Leo mama ameuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani alimtoa nje.

Nilifungua mdomo. Wifi akatangulia.

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye mkewe. Nilimvisha, nikamtoa."

"Tulimtoa sote wawili," nikasema. "Na mimi ndiye niliyekwenda kumwita siku hiyo. Nilijua wewe haupo, mama."

Mama aliangalia vidole vyake. Kisha akainuka akaenda chumbani kwa Rubani, akafunga mlango, na hakutufungulia mpaka jioni. Mimi na wifi tulikaa sakafuni nje ya ule mlango, migongo ukutani. Sikumbuki tulizungumza nini. Nakumbuka alinilalia begani, na kwamba nilikaa bila kusogea mpaka mkono ukafa ganzi.

Alhamisi, 29 Mei

Nimefungua kibanda. Mtu kaleta redio, nikamwambia arudi wiki ijayo. Haina ubaya wowote, ni waya umechomoka tu.

Jumapili, 8 Juni

Mvua zimepungua. Wifi amerudi karakanani. Alikuja kibandani baada ya kazi, akaniomba nimwekee rimoti yake ifanye kazi peke yake, bila ule waya. Ili nifanye hivyo ilibidi niiwashe ya Rubani na kuhamisha programu. Namba za kidevu chake zilikuwa humo, mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, karibu sana. Nilizitazama. Wifi akauliza, "Zinatakiwa?" Nikasema kwako hapana, wewe una mikono. Akasema basi futa, wifi. Nikashindwa. Akanyoosha mkono, nikamwonyesha kitufe, akafuta mwenyewe, kisha tukafunga kibanda na kukaa ndani.

Jumapili, 15 Juni

Mama hajazungumza nami tangu ile siku zaidi ya "chakula tayari" na "zima taa". Leo asubuhi amevaa viatu, akasimama mlangoni.

"Nipelekeni huko mlikompeleka."

Tulimpitia wifi. Alibeba ndege, bawa limeungwa kwa gundi, na rimoti yake. Njiani mama hakuuliza kitu. Uwanjani akaomba aonyeshwe kiti kilikaa wapi hasa. Wifi akamwonyesha. Mama akasimama palepale.

"Alisikia baridi?"

"Alisikia, mama," wifi akasema. "Tulimwambia turudi, akakataa. Alitaka tena."

"Alikataa vipi, na hasemi?"

Wifi akatikisa kichwa kama alivyotikisa yeye, kwa ukaidi, kidevu mbele. Nilidhani mama ataanguka. Badala yake alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. "Ndivyo alivyokuwa akikataa dawa. Mtoto mdogo kabisa."

Wifi akanipa ndege nikaiachia kwenye upepo. Mikono yake haijaiva bado, ndege ilipanda kwa kusitasita, lakini ilipanda. Akaizungusha juu ya madarasa, akairudisha, akaishusha vizuri kuliko siku ile, bila kubingirika. Mlinzi alipiga makofi kutoka kwenye kibanda chake.

Mama alikuwa bado ameinua uso, ingawa juu hapakuwa na kitu.

"Rusha tena, mwanangu," akamwambia wifi. "Mara ya kwanza sikuona."